Kupima densiti ya vitu vilivyoyeyuka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanafunzi wa uhandisi na jiolojia, mafundi wa kusubu, na yeyote anayelazimika kujua ni kilo ngapi zimo ndani ya chungu kinachowaka kwa moto. Densiti zimeandikwa kwa gramu kwa sentimita moja ya ujazo, na halijoto kwa nyuzi za Selsiasi, isipokuwa pale nilipotaja vingine.

Kitabu changu kina jedwali la densiti za metali. Kwa nini nisitumie namba hizo hizo?

Kwa sababu jedwali hilo ni la nyuzi 20 hivi, na metali yako iko kwenye moto. Alumini baridi ina densiti ya 2.70. Ikipashwa moto hadi kukaribia nyuzi 660, huku bado ni yabisi, inatanuka na densiti inashuka hadi karibu 2.55. Ikiyeyuka inashuka kwa mkupuo hadi 2.38. Shaba inatoka 8.96 hadi 8.0, chuma 7.87 hadi 7.03, risasi 11.34 hadi 10.66, dhahabu 19.3 hadi 17.3. Haiishii hapo: kila nyuzi unayoongeza baada ya kuyeyuka inaishusha zaidi.

Chukua chungu cha lita 10. Anayepiga hesabu kwa 2.70 atadhani kinabeba kilo 27 za alumini. Kwenye nyuzi 720 kinabeba kilo 23.6. Kilo hizo tatu na ushee ndizo zinazopungua kalibu ikiwa imejaa nusu, na kazi nzima inarudi kuyeyushwa upya.

Nani hasa anahitaji kipimo hiki?

Viwanda vizima vimesimama juu ya tofauti ndogo za densiti. Mfano ninaouheshimu kuliko yote ni alumini yenyewe. Tangu 1886 alumini hutengenezwa kwa kupitisha umeme ndani ya bafu ya chumvi iitwayo kriolaiti, iliyoyeyuka kwenye nyuzi 960 hivi na kuchanganywa na alumina, yaani oksidi ya alumini. Bafu hiyo ina densiti ya karibu 2.1; alumini kwenye joto hilo ina karibu 2.28. Ni tofauti hiyo ndogo inayoifanya alumini izame chini, ikae salama mbali na hewa, na ikingojea kufyonzwa. Kabla mhandisi hajaongeza chumvi nyingine ili kushusha kiwango cha kuyeyuka, lazima ajue chumvi hiyo itaifanyaje densiti. Floridi ya kalsiamu, kwa mfano, huongeza densiti ya bafu, na ikizidi, tabaka mbili zinaanza kuchanganyikana na metali inapanda kuungua.

Njia ya Hoopes ya kusafisha alumini inaugeuza mpango huo juu chini. Chini kabisa hukaa aloi nzito ya alumini na shaba, katikati chumvi iliyotiwa bariamu ili iwe nzito kiasi, na alumini safi inaelea juu ya vyote. Tabaka tatu za kimiminika, bila ukuta wowote kati yake, zinashikiliwa na densiti peke yake.

Vioo vya madirisha navyo ni hivyo hivyo. Njia ambayo kampuni ya Pilkington ya Uingereza iliitangaza mwaka 1959 humwaga kioo kilichoyeyuka juu ya ziwa la bati. Kwenye nyuzi 1,000 bati lina densiti ya karibu 6.5 na kioo karibu 2.4, kwa hiyo kioo kinaelea, kinatandaa na kutoka kikiwa laini pande zote mbili.

Kwa wayeyushaji wa chuma, mavi ya chuma, yaani takataka za mawe zilizoyeyuka, yana densiti ya karibu 3 na chuma 7, kwa hiyo yanapanda juu yenyewe. Kwenye matanuri ya shaba, kama yale ya Katanga, pengo ni dogo zaidi, maana kinachokusanywa kwanza chini ni mchanganyiko wa shaba, chuma na salfa ambao si mzito kama shaba tupu. Kadiri pengo linavyopungua, ndivyo vitone vyenye shaba vinavyochelewa kuzama, na vinavyochelewa hutupwa pamoja na mavi.

Densiti ni masi kugawanya kwa ujazo. Ugumu uko wapi?

Masi si tatizo. Masi haibadiliki kwa joto, na mizani nzuri unaweza kuiweka nje ya tanuri. Shida yote iko kwenye ujazo. Kila chombo unachokiingiza motoni ili kupimia ujazo nacho kinatanuka, na kisipohesabiwa, kutanuka kwake kunaonekana kana kwamba ni tabia ya metali. Hiki ndicho kitu ambacho ningependa kila anayeanza akishike kabla ya fomula yoyote.

Halafu kuna kemia. Alumini iliyoyeyuka inakula chuma, kwa hiyo fimbo ya chuma isiyopakwa kinga inayeyukia humo taratibu na kuchafua sampuli. Lava inanyang'anywa chuma chake na chungu cha platini. Zinki inavukiza, hivyo masi uliyoanza nayo siyo unayomaliza nayo. Na juu ya alumini kuna utando wa oksidi unaojitengeneza mara tu hewa inapogusa, mgumu kiasi cha kushika waya wa kipimo na kudanganya mizani. Ndiyo maana vipimo makini hufanywa ndani ya gesi ya agoni au kwenye ombwe.

Njia ya Arkimedi inafanyaje kazi kwenye moto?

Unaning'iniza kitu kizito kwa waya mwembamba chini ya mizani, nitakiita timazi. Unakipima kikiwa juu ya kimiminika, kisha unakizamisha na kupima tena. Uzito uliopungua ni sawa na uzito wa kimiminika kilichosukumwa pembeni. Gawanya upungufu huo wa gramu kwa ujazo wa timazi, umepata densiti.

Timazi lazima iwe nzito kuliko kimiminika, isiyeyuke, na isile wala kuliwa. Kwa metali nyingi hutumika tungsteni au molibdeni ndani ya agoni, maana hewani zinaungua. Kwa lava na kioo hutumika platini, kwa sababu inavumilia hewa na joto la nyuzi 1,400 na zaidi.

Ujazo wa timazi hupimwa kwanza kwenye maji, kisha unasahihishwa kwa kutanuka kwake. Tungsteni hutanuka kidogo: ikipanda nyuzi 700, ujazo wake unaongezeka kwa karibu asilimia 1. Platini ikipanda nyuzi 1,400 inaongezeka kwa asilimia 4 au zaidi. Asiyefanya sahihisho hilo ataripoti lava iliyo nzito kuliko ilivyo kwa kiasi hicho hicho.

Kuna jambo dogo linalosahaulika: usipime mara moja. Pima halijoto ikipanda, kisha ikishuka. Mistari miwili isipolingana, basi kuna kiputo kilichoshikamana na timazi, utando umekwama kwenye waya, au sampuli inabadilika.

Nimesikia mvutano wa uso unaharibu matokeo. Kwa kiasi gani?

Kwa kiasi kinachotisha, na wengi hawaamini mpaka wapige hesabu. Pale waya unapopenya uso wa kimiminika, uso unaushika. Kama kimiminika kinaulowesha waya, kinauvuta chini. Kama hakiuloweshi, kinausukuma juu. Nguvu hiyo, pale inapokuwa kubwa kabisa, ni mzingo wa waya mara mvutano wa uso. Kwa maji mvutano ni 0.07 ya nyutoni kwa mita, kwa hiyo maabara ya shule inaweza kuupuuza. Kwa alumini ni karibu 0.9, na kwa chuma kilichoyeyuka ni mara mbili ya hapo.

Tuseme waya una kipenyo cha nusu milimita na timazi ina ujazo wa sentimita 2 za ujazo. Ndani ya alumini timazi inapoteza gramu 4.7 hivi. Uso wa alumini unaweza kuvuta waya kwa kiasi cha gramu 0.14. Hiyo ni asilimia 3 ya jibu, yaani zaidi ya tofauti yote unayoitafuta ukipandisha joto kutoka nyuzi 700 hadi 800.

Tiba nzuri ni timazi mbili. Tumia waya wa unene ule ule, lakini timazi moja kubwa na nyingine ndogo. Pima kwa kila moja, kisha toa upungufu mmoja kwa mwingine na ugawanye kwa tofauti ya ujazo wao. Kile ambacho uso umevuta ni kile kile mara zote mbili, kwa hiyo kinafutika. Wanajiolojia Rebecca Lange na Ian Carmichael walitumia timazi mbili za platini kwa vimiminika vya mawe ya silikati, na kazi yao ya 1987 bado inatumika leo.

Siwezi tu kujaza chombo chenye ujazo unaojulikana?

Unaweza, na matokeo huwa mazuri ukiwa mvumilivu. Chombo chenye mdomo mwembamba kinazamishwa na kujaa kimiminika, kinatolewa, kinaachwa kipoe, kisha kinapimwa uzito. Masi ni ile ile hata metali ikiganda. Tatizo ni kwamba kila jaribio linakupa nukta moja tu ya halijoto, na kiputo kimoja cha gesi pembeni mwa chombo kinakuharibia yote. Grafiti ni nzuri kwa metali nyingi, lakini si kwa chuma, ambacho hunyonya kaboni.

Njia ya viputo ni ipi?

Unashusha mrija mwembamba ndani ya kimiminika na kupuliza agoni polepole. Shinikizo linapanda mpaka kiputo kinapasuka kutoka ncha, kisha linashuka. Kilele cha shinikizo kina sehemu mbili: uzito wa kimiminika kilicho juu ya ncha, na nguvu ya uso kukibana kiputo. Ukipima kwenye vina viwili tofauti, sehemu ya uso inabaki vile vile na kufutika. Tofauti ya shinikizo ukiigawanya kwa tofauti ya kina na kwa mvutano wa dunia, unapata densiti. Na kwa kuwa sehemu ya uso nayo unaijua sasa, unapata mvutano wa uso bila gharama nyingine. T. R. Hogness alipima mvutano wa uso na densiti za zebaki, kadimi, zinki, risasi, bati na bismuthi na kuchapisha mwaka 1921.

Uzuri wake ni kwamba kila kiputo kinafungua uso mpya usio na utando. Kwa alumini hilo ni jambo kubwa. Ubaya wake ni kina. Mrija ukishuka milimita 50 zaidi ndani ya alumini, shinikizo linaongezeka kwa paskali 1,160 hivi, na ukikosea kina kwa milimita moja umekosea densiti kwa asilimia 2. Kwa hiyo gharama yote iweke kwenye skrubu ya kushushia mrija na kwenye kujua ni wakati gani hasa ncha imegusa uso.

Vipi kuhusu vitu vinavyoyeyuka kwenye joto lisilovumilika na chombo chochote?

Hapo unaacha chombo. Tone dogo linaachwa lielee, ama kwa koili ya umeme, ama kwa mkondo wa gesi kutoka chini, ama kwa uwanja wa umeme tuli kati ya sahani mbili. Leza inaliyeyusha, kamera inalipiga picha kivuli kutoka pembeni, na kompyuta inazungusha mstari wa kivuli hicho ili kupata ujazo. Masi hupimwa kabla na baada, kwa sababu sehemu ya tone huvukiza. Won-Kyu Rhim na wenzake katika JPL, maabara ya shirika la anga la Marekani (NASA) huko California, waliikuza njia ya umeme tuli katika miaka ya 1990, na kwa njia hiyo hata tungsteni, inayoyeyuka kwenye nyuzi 3,422, imepimwa.

Tone lenye kipenyo cha milimita 2 lina ujazo wa milimita 4.2 za ujazo tu. Ukikosea kipenyo kwa asilimia 1, densiti inakosewa kwa asilimia 3. Ndiyo maana watu hawa hutumia muda mwingi kuhakiki kamera kwa vitufe vya chuma vilivyosagwa kwa usahihi mkubwa kuliko wanaoutumia kuyeyusha.

Oksidi zinasumbua zaidi ardhini kwa sababu hazishiki chaji ya umeme vizuri, na nguvu inayotakiwa kuziinua ni kubwa. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu tone halihitaji kuinuliwa, linahitaji kuzuiwa lisitangetange tu, na linabaki duara. Moduli ya Kibo ya Japani ina tanuri la umeme tuli lililolenga hasa oksidi, na moduli ya Columbus ya Ulaya ina tanuri la koili la kupimia metali lililopelekwa huko mwaka 2014.

Kuna pia njia nyepesi zaidi ya kuacha tone likae juu ya kibao cha alumina au grafiti na kulipiga picha pembeni. Inafanya kazi pale tone linapokuwa na umbo lililo sawa pande zote. Likiegemea upande mmoja, picha ya pembeni moja haitoshi na hesabu inapotea.

Je, naweza kupima bila kugusa kabisa, ndani ya tanuri la kiwanda?

Kwa miale ya gama, ndiyo. Miale ya kaesiamu-137, yenye nishati ya kiloelektronivolti 662, inapitishwa kwenye chungu, na kinachotokea upande wa pili kinapungua kulingana na densiti mara unene wa njia. Haijali mvutano wa uso wala utando. Inajali unene wa chungu, ambao nao unatanuka, na inahitaji leseni ya mionzi na mtu aliyefunzwa. Sijaona sababu ya karakana ndogo kuifikiria.

Niko chuoni na bajeti ni ndogo. Nichague ipi?

Anza na timazi mbili. Unahitaji mizani ya kusoma elfu moja ya gramu yenye ndoano chini, tanuri dogo la wima, na bati. Bati linayeyuka kwenye nyuzi 232, halivukizi kwa urahisi, na thamani yake inajulikana vizuri: 6.98 pale linapoyeyuka, ikishuka kwa 0.065 kwa kila nyuzi 100. Kifaa chako kisipotoa namba hiyo kwa bati, usikiamini kwa kitu kingine chochote. Viputo vije baadaye, ukishakuwa na kipimo kizuri cha shinikizo.

Halijoto nayo naipimaje?

Kwa themokapo iliyohakikiwa, ikiwa karibu kabisa na timazi. Namba inayoonyeshwa na tanuri ni ya ukuta wa tanuri, na ukuta na katikati ya chungu vinaweza kutofautiana kwa makumi ya nyuzi. Uhakiki ni rahisi kwa sababu metali safi zenyewe ndizo vigezo vya dunia: bati huganda kwenye 231.93, zinki 419.53, alumini 660.32, fedha 961.78, shaba 1,084.62. Yeyusha, acha ipoe, angalia pale halijoto inaposimama kwa muda bila kushuka. Juu ya nyuzi 1,600 hivi themokapo za platini zinaishia, na piromita inachukua nafasi. Lakini piromita inasoma mwanga, na metali inayong'aa hutoa mwanga mchache kuliko ukuta mweusi wenye joto lile lile.

Je, kila kitu kinapungua densiti kikiyeyuka?

Hapana. Barafu kila mtu anaijua. Silikoni inatoka karibu 2.3 ikiwa yabisi hadi 2.57 ikiwa kimiminika. Bismuthi inatoka 9.8 hadi 10.05, na galiamu, inayoyeyuka kwenye nyuzi 29.8, inatoka 5.91 hadi 6.10. Vipande vya yabisi vya vitu hivi huelea juu ya kimiminika chake, na vikigandia ndani ya chombo kilichozibwa vinaweza kukipasua.

Nina aloi. Naweza kuchukua wastani wa densiti za metali zake?

Si wastani wa densiti. Kinachojumlishwa ni ujazo. Chukua risasi ya kulehemu yenye asilimia 60 ya bati na 40 ya risasi, kwenye nyuzi 330. Wastani wa kawaida unatoa 8.41. Ukijumlisha ujazo, yaani 0.6 kugawanya kwa 6.92 pamoja na 0.4 kugawanya kwa 10.65, kisha ukageuza, unapata 8.05. Hiyo ya pili ndiyo iliyo karibu na ukweli. Hata hivyo bado ni makadirio. Metali zinazopendana sana kikemia hukaribiana zaidi zikichanganywa, na hapo hakuna njia ya mkato ya kuepuka kupima.

Nasubu sufuria na vipuri kwa alumini chakavu. Densiti inanihusu nini?

Inakuhusu kuliko wote. Matundu yanayofanya sufuria ivuje au kipuri kivunjike hutokana sana na haidrojeni. Alumini ikiwa kimiminika inabeba haidrojeni karibu mara ishirini ya ile inayoweza kuibeba ikiganda, kwa hiyo gesi yote hiyo inatafuta pa kutokea wakati wa kuganda. Inatoka wapi? Kwenye maji ya skrapa iliyolowa, mafuta na rangi zilizobaki kwenye vipande, makaa mabichi, na kalibu ya udongo yenye unyevu.

Kipimo chake ni hiki. Chota sampuli mbili za metali ile ile kwa vikombe vidogo vya chuma vilivyopashwa moto. Moja iache igande hewani. Nyingine iweke chini ya kengele ya ombwe kwa shinikizo la milibari 80 mpaka igande. Ombwe linavimbisha kila kiputo kilichokuwemo. Kisha pima kila moja hewani na ndani ya maji ili kupata densiti. Toa densiti ya ombwe kwa ile ya hewani, gawanya kwa ile ya hewani, zidisha kwa 100. Zikitoka 2.65 na 2.52, jibu ni 4.9. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo metali ilivyojaa gesi na uchafu. Usihangaike na namba ya kiwanda cha watu. Andika namba yako kila siku pamoja na matokeo ya siku hiyo, na baada ya muda utajua ni namba ipi inayokuletea sufuria zilizooza.

Kama huna pampu ya ombwe, kausha skrapa juani au juu ya tanuri kabla ya kuitia chunguni, usikoroge bure, na usiiache alumini ikipanda joto kupita kiasi. Joto likizidi, gesi inayoingia inazidi.

Lava inapimwaje? Nawaza Ol Doinyo Lengai na Nyiragongo.

Hakuna anayening'iniza timazi juu ya kreta. Mawe huchukuliwa, husagwa na kuyeyushwa upya maabara. Lava ya kawaida ya basalti kwenye nyuzi 1,200 hutoa 2.6 hadi 2.7. Yinon Bottinga na Daniel Weill walionyesha mwaka 1970 kwamba densiti ya silikati iliyoyeyuka inaweza kukadiriwa kwa kujumlisha ujazo wa oksidi zake, na tangu hapo wanajiolojia wanaanza na muundo wa kikemia kabla ya kuwasha tanuri.

Lengai ni kesi ya peke yake duniani. Ndiyo volkano pekee iliyo hai inayotoa lava ya kabonati za sodiamu, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, nyeusi ikitoka na kugeuka nyeupe ndani ya siku chache. Moja ya madini yake inaitwa nyerereite, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Jiwe hilo hunyonya unyevu wa hewa na kubadilika, kwa hiyo sampuli isiyofungwa vizuri tangu mlimani si lava tena, na densiti utakayoipata ni ya kitu kingine. Likipashwa moto kabonati zake huelekea kuachia hewa ya ukaa, ndiyo maana huyeyushwa chini ya hewa ya ukaa yenyewe. Wataalamu pia walitumia vipimo vya chumvi za kabonati zilizoyeyuka kukadiria tabia zake, na densiti inakuja karibu 2, chini sana ya lava nyingine.

Kwa Nyiragongo, ambayo lava yake ilishuka kuelekea Goma mwaka 1977, 2002 na 2021, kuna tahadhari. Namba ya maabara ni ya kimiminika kisicho na gesi. Ndani ya mlima kimiminika hicho kina viputo, na kila asilimia 10 ya viputo inapunguza densiti kwa karibu asilimia 10. Kinachoiinua lava ni densiti hiyo iliyopungua, wala si ile iliyoandikwa kwenye daftari la maabara.

Na chumvi na plastiki?

Chumvi ni rahisi kuliko metali: mvutano wa uso ni mdogo na nyingi unaweza kuziona ndani. Mitambo ya umeme wa jua kama ile ya Ouarzazate, Moroko, huhifadhi joto kwa mchanganyiko wa nitrati za sodiamu na potasiamu. Kwenye nyuzi 290 densiti yake ni karibu 1.91, kwenye 565 ni 1.73. Chumvi ile ile inachukua asilimia 10 zaidi ya nafasi, na anayesanifu tangi asipoacha pengo hilo, chumvi itamwagika.

Kwa plastiki iliyoyeyuka, pima gramu zinazotoka kwenye tundu la mashine ya kupimia mtiririko kwa dakika 10, pima na ujazo uliotoka kwa muda huo huo, gawanya. Polipropilini inashuka kutoka 0.90 hadi 0.74 hivi kwenye nyuzi 230.

Naweza kuonyesha jambo hili darasani bila tanuri?

Tumia nta ya mishumaa. Iyeyushe ndani ya kopo lililowekwa kwenye maji ya moto, kamwe si juu ya moto wa wazi. Ning'iniza boliti kwa uzi chini ya mizani ya sonara, pima hewani, ndani ya maji, kisha ndani ya nta. Utapata karibu 0.78. Kipande cha nta ngumu, chenye karibu 0.90, kitazama mbele ya macho ya wanafunzi.

Risasi iacheni. Mvuke na vumbi lake vinaharibu ubongo wa watoto, na wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi jirani na uyeyushaji wa betri chakavu wanalijua hilo kwa miili yao. Na kwa metali yoyote: kijiko, timazi, themokapo, kila kinachoingia kwenye chungu kipashwe moto kwanza kikauke. Tone la maji likinaswa chini ya metali linageuka mvuke unaohitaji nafasi zaidi ya mara elfu moja, na metali inaruka usoni.

Niandikeje matokeo ili mtu mwingine aweze kuyatumia?

Kamwe usiandike namba moja. Andika densiti kwenye kiwango cha kuyeyuka, kiasi inachoshuka kwa kila nyuzi, na mipaka ya halijoto uliyopima. Marc Assael na wenzake walikusanya vipimo vya alumini na chuma na mwaka 2006 wakapendekeza, kwa kilo kwa mita ya ujazo na kelvini, 2377 − 0.311 × (T − 933.47) kwa alumini, na 7035 − 0.926 × (T − 1811) kwa chuma, kosa likiwa chini ya asilimia 1. Ongeza usafi wa metali, gesi iliyokuwa juu yake, chungu na timazi vya kitu gani, jinsi ulivyosahihisha kutanuka kwake, na kama ulifuta mvutano wa uso au la. Ukipita nje ya mipaka uliyopima, sema wazi kwamba hapo unakadiria.